Maiti Hana Tawakali

Mama yangu ni mwosha maiti. Kwa miaka mingi, mwanamke akifariki mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, na jamaa zake hawana anayeijua kazi hiyo, hodi hupigwa dirishani petu, hata iwe usiku wa manane, naye hujitanda kanga akaenda. Mimi nimejifunza kwake. Ubao huinamishwa kidogo upande wa miguu ili maji yasituame. Kuanzia kitovuni hadi magotini hapafunuliwi. Mkono wa mwoshaji huvikwa kitambaa, maji ya mkunazi hutangulia, ya karafuu maiti huja mwisho. Maiti hulazwa ubavu wa kushoto ukaoshwa wa kulia, kisha hugeuzwa. Na kila anapomgeuza, Mama humwambia marehemu kwa sauti ya chini: "Samahani, bibi." Hilo halimo kitabuni, ni lake mwenyewe.

Basi alipoteleza uani alfajiri akienda kutawadha, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji na kurudishwa nyumbani na kichwa cha chuma mahali pa mfupa, kilichomuudhi kuliko maumivu ni kugeuzwa. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tukimshika kwa shuka, moja, mbili, tatu, mto ukabaki katikati ya magoti, tukamlaza ubavu mwingine. Kila baada ya saa mbili, ili mgongo na visigino visije vikatoka vidonda vya kulalia. Ni kazi tuliyoelekezwa wodini na tuliifanya kwa uangalifu. Siku moja akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Mnanigeuza kama maiti," akasema. "Tena mimi maiti huwaomba radhi."

Imamu Ghazali, katika Ihya, ameipanga tawakali kwa daraja tatu. Ya kwanza ni ya mtu aliyemkabidhi wakili kesi yake akamwamini. Ya pili ni ya mtoto mchanga, asiyemjua mwingine wa kumlilia ila mama yake. Ya tatu, iliyo juu kabisa, ni ya maiti mikononi mwa mwoshaji: anapelekwa anakopelekwa. Mfano huu unapendwa sana kwenye mawaidha, na mimi mwenyewe nimewasomesha wasichana chuoni. Jirani yetu mmoja, mtu wa dini, alipokuja kumjulia hali Mama aliutoa palepale kando ya kitanda, kwamba mgonjwa ajiachie, awaachie wanawe, amwachie Mola wake, asishughulike na chochote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akamwitikia dua. Alipotoka akasema: "Huyu hajaosha maiti hata mmoja. Maiti hana tawakali, maiti hana namna. Tawakali ni ya mtu anayeweza kukataa."

Sidai kwamba Mama amemshinda Ghazali. Ghazali alikuwa akisema juu ya moyo mbele ya Mungu, na mwenyewe ameeleza kwamba hali hiyo ya tatu haidumu kwa mtu. Lakini nadhani Mama aliona jambo ambalo jirani yetu hakuliona: mfano ule unapoingia chumba cha mgonjwa hubadilika. Aliyekusudiwa kuwa mwoshaji ni Mwenyezi Mungu. Kufika nyumbani, kitambaa tumekivaa sisi. Mwana, mkwe, shangazi, jirani, kaka aliye Muscat kwenye simu, kila mmoja anamtaka mgonjwa awe maiti mkononi mwake, halafu anaita hali hiyo subira.

Hospitalini jambo hili halionekani sana. Kule kuna saa za dawa, kuna daktari, mgonjwa anajua kaingia katika nyumba ya watu. Nyumbani ni kwake. Vitu vyote vinamjua yeye alivyokuwa jana. Karatasi tuliyotoka nayo ilikuwa na makatazo matatu: nyonga isikunjwe kupita pembe mraba, yaani akikaa goti lisipande juu ya kiuno; miguu isipishane; kidole cha mguu ule kisigeukie ndani. Sababu ni kwamba daktari ameingilia kwa nyuma, nyama zilizofumwa bado hazijashika, na kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka kwenye tundu lake. Wiki 6 hadi 12 za kujihadhari. Ukiisoma karatasi hiyo ndani ya nyumba ya Kiswahili utagundua kwamba nyumba yote imejengwa kwa ajili ya mtu anayekunja nyonga. Mbuzi ya kukunia nazi, kigoda cha jikoni, mkeka wa ukumbini, choo cha kuchuchumaa. Kitanda chake cha kamba kiko chini mno, ukikikalia magoti yanakupita kifua. Samadari ya bibi yetu iko juu mno, miguu inaning'inia. Tulikiinua kile cha kamba kwa matofali mpaka nyayo zake zikatua sakafuni na mapaja yakalala sawa. Fundi seremala akatengeneza kiti cha choo cha mti, chenye tundu na mikono miwili ya kushika. Kile cha plastiki kilichotobolewa, ambacho watu wengi hukitumia, alikikataa, akasema sakafu ikilowa miguu ya kiti hutanuka. Bomba la chuma likachomelewa ukutani toka mlangoni mpaka chooni. Mkeka wa ukumbini tukaukunja.

Mkeka ule ndio uliozua maneno.

Mama alitaka kusujudu. Hakutaka jingine. "Nishusheni," alikuwa akisema kila wakati wa sala unapoingia, "nishusheni nimsujudie Mola wangu, mkishindwa kuniinua niacheni hapohapo." Na upande wa pili kaka yangu, ambaye yuko Oman toka ujana wake na ambaye mapenzi yake kwa Mama hayana mfano, alikuwa akinitumia sauti kwenye simu: asishuke, asisimame, alale, mwache apumzike mpaka apone kabisa. Wageni wengi walikuwa upande wake. Kwetu kupumzika ni kulala, na mtoto mwema ni yule asiyemruhusu mama yake kuinua hata kikombe.

Wote wawili walikuwa wakiomba kitu kinachoua. Sajda ya chini ingeweza kuitoa nyonga mahali pake. Kulala nako kuna hatari zake: damu huganda kwenye mguu uliotulia, kipande kikikatika kikapanda mapafuni mtu anaweza kwenda katika dakika chache, mapafu yasiyovutwa vizuri huingia nimonia, nyama za paja hupungua upesi kwa mtu wa umri ule. Ndiyo maana madaktari humsimamisha mgonjwa wa nyonga mapema kiasi hicho, mara nyingi kesho yake baada ya upasuaji, huku ndugu wakidhani ni ukatili. Sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande husaidia, lakini haisimami mahali pa miguu.

Mimi je? Kumkatalia mama ni jambo zito. Nimesomeshwa, nami nasomesha, kwamba radhi za mzazi ziko karibu sana na radhi za Mungu, na kwamba hata neno la kuguna mbele yake halifai. Hapohapo mama huyo ananiamuru nimsaidie kujidhuru, tena kwa jina la ibada. Nani wa kutiiwa? Nilitafuta jibu kwenye vitabu kwa nia ambayo sikuitangaza, ya kupata dalili ya kumnyamazisha nayo.

Niliipata. Ni hadithi iliyopokewa na Jabir, imo katika Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja akapigwa na jiwe kichwani akapasuka, kisha usingizini likamtokea la kumwajibisha kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji unayaweza. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari alighadhibika. Alisema wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Nilimsomea Mama hadithi hiyo nikiwa na hakika ya ushindi. Akatulia kidogo. Kisha akauliza: "Yule mwenye jeraha alifanya kosa gani?" Nikasema hakufanya kosa, aliuliza, wenzake ndio waliomjibu bila elimu. "Basi," akasema, "waliomuua ni waliokuwa pembeni. Mimi mwenye jeraha nimeulizwa lini nataka kumuuliza nani?"

Akaletwa Maalim. Alikaa ukumbini, Mama akiwa kitandani mlango wazi, pazia limeshushwa nusu kwa ajili ya stara, na maswali aliyauliza Mama mwenyewe. Majibu hayakuwa mageni kwake. Amesoma Safina, kitabu cha fikihi, tangu utotoni kama sisi sote wa pwani hii. Imran bin Huswain alikuwa na maradhi ya bawasiri, akaambiwa na Mtume asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Lakini Maalim alilishikilia lile neno la asipoweza. Kisimamo katika sala ya faradhi ni nguzo, alisema, na hakimwangukii mtu anayekiweza, hata kwa kuegemea gongo. Kinachoanguka ni kile tu usichokiweza, na kinaanguka kwa kiasi chake. "Wewe kusimama unaweza?"

"Kwa fremu naweza."

"Basi simama, usome Fatiha yako umesimama. Ukifika kwenye kuinama, ashiria. Sajda utakaa kitini, utaashiria chini zaidi ya rukuu."

Kijana wa mazoezi ya viungo, tulipompelekea habari hiyo kliniki, alifurahi kuliko sisi. Alikuwa anatafuta namna ya kumfanya mzee asimame mara kadhaa kwa siku bila kubembelezwa, na hapa amepewa mara 5 zisizo na mjadala. Alirekebisha jambo moja tu: kuinama mbele ukiwa kitini ni kuikunja nyonga vilevile, kwa hiyo ishara iwe ya kichwa, mgongo ubaki wima. Maalim aliporudishiwa akasema kichwa kinatosha. Nikawaza jinsi watu hawa wawili, mmoja na jedwali lake la mazoezi na mwingine na kitabu kilichoandikwa na mtu wa Hadhramaut karne ya kumi na tisa, walivyofika mahali pamoja: kaka yangu amekosea, na Mama naye amekosea, kila mmoja kwa upande wake. Ruhusa ya mgonjwa haimtoi kwenye sala, wala haimtupi sakafuni. Inataka ijulikane hasa, leo hii, mwili huu unaweza nini. Na hilo anayelijua kwa ndani ni mgonjwa peke yake. Mimi naona goti, maumivu anayajua yeye.

Nisiipambe habari hii. Mama alitii, lakini sajda ilimuuma. Nilimkumbusha kwamba Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho alitolewa chumbani akishikwa na watu wawili huku miguu inaburuta chini, akasali amekaa. Nilimkumbusha pia ile bishara kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. "Najua," akasema. "Malaika wanaandika. Lakini paji langu halijui." Sikuwa na jibu, wala sioni kwamba jibu lilihitajika. Tunaharakisha mno kuwafariji wagonjwa kwa hesabu za thawabu, kana kwamba mtu hawezi kuikosa sajda yenyewe, ule ubaridi wa sakafu kwenye uso. Mtu aliyeugusa udongo kwa uso wake tangu yu mtoto ana haki ya kuulilia.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa dawa, nao ulitufundisha zaidi. Dawa kali ya maumivu ilikuwa ikimlevya. Alikuwa akisahau rakaa ya ngapi, na tumbo likafunga. Akaikataa. Bila dawa hasimami, bila kusimama tunarudi kulekule kwenye damu kuganda. Kaka yangu akaja na shauri ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi: isage, mtilie kwenye uji, hatajua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka habari ya maradhi ya Mtume aliyoisimulia Aisha, imo katika Bukhari, na ambayo sijaisikia hata siku moja kwenye mimbari. Alizidiwa, na watu wa nyumba wakaamua kumtilia dawa kwa pembe ya mdomo. Akawaashiria wasifanye. Wakasema, ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Wakamtilia. Alipopata nafuu aliwauliza, je, sikuwakataza? Kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani anyweshwe dawa ileile mbele ya macho yake, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa hakushuhudia. Wanazuoni wana maneno mengi juu ya hekima ya amri ile. Mimi nalichukua lile lililo wazi. Walikuwa watu waliompenda kuliko watu wote, na nia yao ilikuwa njema. Sababu waliyoitoa ni ileile tunayoitoa sisi, kwamba mgonjwa hajui linalomfaa, anachukia tu. Nia haikuwaokoa. Alikuwa amekataa, na kukataa kwake kulikuwa neno.

Kuna watakaosema yeye ni Mtume, na mama yako si mtume. Kweli. Na kuna mgonjwa aliyechanganyikiwa, mwenye homa ya kuweweseka, mwenye maradhi ya kusahau, ambaye neno lake haliwezi kubebwa lilivyo. Huyo anahitaji wa kumwamulia, na sina la kumlaumu anayemwamulia kwa huruma. Lakini Mama alikuwa na akili zake zote. Kumtilia dawa kwenye uji kungemfanya awe maiti kweli. Maiti ndiye anayetiwa pamba puani bila kuulizwa. Tena baada ya hapo kila bakuli la uji lingekuwa na shaka ndani yake.

Nikamwambia kaka yangu hapana. Tukampigia daktari simu, Mama akazungumza naye mwenyewe, akaeleza kwamba dawa inamwibia sala. Ikapangwa panado ya kawaida kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yaamke, ile kali ibaki kipande tu, nusu saa kabla ya mazoezi ya asubuhi, mbali na wakati wa sala. Maji zaidi, mapapai, na dawa ya kulainisha choo. Katika mazungumzo yaleyale daktari akaomba asomewe dawa zote zilizomo ndani, za zamani na mpya, na ikaonekana kwamba ya presha tuliyopewa wakati wa kutoka na ile iliyokuwa kabatini ni moja, ila boksi na jina la kiwanda ndivyo tofauti. Angemeza mara mbili. Nawaomba wanaomtoa mgonjwa hospitalini wafanye hivyo siku ya kwanza: mfuko mzima wa dawa za nyumbani umwagwe mezani mbele ya mtu anayezijua.

Wageni sitawaongelea sana. Kumzuru mgonjwa ni ibada kubwa na vitabu vinahimiza ziara iwe fupi, ila sehemu hiyo ya pili inaelekea haikufika Tanga. Aliyekuja na mafuta ya kuchua mguu nilimpokea mafuta, mguu sikumpa.

Shaaban ilipoingia Mama alikuwa anatembea na fremu mpaka barazani, na likaja swali ambalo sikulitarajia. Kufunga Ramadhani inayofuata hakungewezekana, hilo alilikubali mwenyewe, kwa dawa na maji aliyotakiwa kunywa. Lakini sheria haiishii kwenye kula. Mgonjwa anayetarajiwa kupona hula, kisha hulipa kadha. Mzee aliyechoka au mgonjwa asiyetarajiwa kupona halipi siku, hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja. Kwa hiyo kabla ya mwezi kuandama ilibidi ijulikane: huyu ni mgonjwa, au ni mzee? Kila tulipokuwa tukimjibu mtu "anaendelea vizuri" tulikuwa tumelikwepa swali hili. Fikihi haikulikwepa.

Kaka yangu alikwisha amua. Alituma pesa za fidia ya mwezi mzima, kwa wema, ili Mama asihangaike. Mama akataka kwanza aulizwe tabibu mwaminifu, kama sheria inavyotaka, nasi tukauliza. Daktari alisema nyonga inapona vizuri, presha ni ya kudumu lakini peke yake haimzuii kila mtu kufunga, aje tena baada ya miezi kadhaa waangalie. Hakuahidi kitu.

Mama akanitaka nilete daftari la chuoni. "Andika kadha," akasema. "Na kaka yako mwambie Mungu amlipe, pesa zake nimewanunulia mayatima mchele wa futari."

Nikaandika. Nikiwa nimeinamia daftari akaongeza, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba akifa kabla ya kulipa basi nitamfungia mimi. Nikamwambia hapana, Mama. Udhuru ukiendelea mpaka mauti, hakuna deni kwako wala kwangu, si kadha wala fidia.

"Hilo nalijua," akasema. "Nilitaka kujua kama unalijua wewe."